Kihispania cha Dakika Kumi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Matokeo yametoka. Nina sapu ya mazungumzo, yaani narudia mtihani. Mwaka wa pili wa shahada ya lugha na utamaduni wa Kihispania, na kitu pekee nilichofeli ni kuongea Kihispania. Utamaduni nimepata B. Lakini nani anauliza habari za B?

Nimemweleza Baba kwamba sapu ni heshima wanayopewa wachache, kukaa na mwalimu peke yao. Baba alikuwa anapanga kabichi kwenye viroba. Hakuinua kichwa. Akasema nikidisko, yaani nikifukuzwa, nisahau chuo, kwa sababu mdogo wangu Rahabu amepata nafasi ya uuguzi na nyumba hii inasomesha mmoja tu. Nikifaulu, Rahabu atasubiri. Rahabu mwenyewe alikuwa anapita na ndoo ya maziwa. Akanipa pole huku meno yote yako nje.

Jumanne, 9 Septemba

Mtihani ni Jumatatu ijayo, kwa simu ya video, maana mwalimu yuko kwao Hispania. Dakika kumi. Nimejipekua kichwani nione nina nini. Nina salamu. Salamu ninazo zote. Tulifundishwa wiki ya kwanza, kabla sijaanza kukosa vipindi.

Mchana akaja shangazi Esteria kutoka Gare. Ndiyo kwanza naweka viazi jikoni. Wakaanza kusalimiana na Mama palepale mlangoni, kwa Kishambaa: wazazi, watoto, mguu unaosumbua, ng'ombe, ndama, maharage, mchungaji. Wa huku akimaliza, wa kule anaanza upya. Viazi vimeiva, hakuna aliyekaa.

Nikabaki nimeshika mwiko. Mtihani ni dakika kumi. Salamu ya kwetu haijawahi kuisha kwa dakika kumi. Wenzangu wanahangaika na vitabu, maskini.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemwambia shangazi nafanya utafiti wa utamaduni. Amefurahi, akanifundisha mpangilio. Mtu hasalimiwi kama anafukuzwa, kasema. Ukiuliza habari za mume kabla ya wazazi, umelelewa vibaya. Wazazi, mume, watoto, mifugo, shamba. Nimeweka yote kwa Kihispania. Neno la mbuzi limenichukua asubuhi nzima.

Rahabu amekubali kuwa mwalimu wa majaribio, mradi nikamue ng'ombe badala yake. Kila ninachomuuliza anajibu “bien”, yaani nzuri. Nimemwambia hana kipaji cha lugha. Akauliza mwalimu naye akiniuliza itakuwaje. Nikamwambia mambo ya chuo kikuu aachie wa chuo kikuu.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo ilikuwa kuchimba viazi. Nimemweleza Baba kwamba Wahispania hupumzika baada ya chakula cha mchana na mimi nipo kwenye maandalizi. Nikalala. Nimeamka Baba kasimama kando ya kitanda changu na jembe. Ameuliza kama huko Hispania watoto wana baba.

Nimechimba mpaka jua likazama. Migongo ya wasomi haikuumbwa kwa ajili hiyo.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku yenyewe. Shati jeupe, tai ya Baba ya kanisani. Nikapanda hadi juu kwenye shamba la kabichi, ambako mtandao unashika. Mama alifunga ng'ombe mbali wasije wakaaibisha ukoo.

Mwalimu akatokea. Nikaanza na wazazi wake. Alishangaa, akajibu. Mume: alisema hana. Nikampa pole ya Kiswahili na kusonga mbele. Watoto, shangazi zake, mbuzi. Kwenye mbuzi alicheka sana. Dakika nne zimekwenda na mimi nipo kwenye mahindi tu. Nikajiona nimeshavaa joho.

Halafu, kwa adabu zake, akanirudishia. Baba yako je? Bien. Anafanya kazi gani? Bien. Unaishi wapi? Bien. Akauliza kitu kirefu chenye chuo na maisha ndani yake. Bien pia. Ningesemaje? Kwetu salamu hujibiwa nzuri hata kama paa limeondoka na upepo.

Akarudia polepole, kwa sauti ya mtu anayemwongelesha mgonjwa. Nikarudi kwa mbuzi. Muda ukaisha. Akanipungia mkono. Mtu hakupungii mkono halafu akakufelisha. Nimefaulu.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimedisko.

Mwalimu ameandika kwamba mtahiniwa ana adabu kuliko wote aliowahi kuwatahini. Adabu haina alama, inaonekana. Baba amesikiliza, kisha akamwita Rahabu amwambie aanze kufungasha. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Nimeenda nyuma ya banda la ng'ombe nikalia. Sikulia kidogo. Chuo nilikipenda, jamani, tatizo ni vipindi tu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Rahabu ameondoka leo. Kaondoka na sanduku langu, godoro langu na ndoo yangu ya kuogea. Kabla hajapanda gari alinipigia magoti, akaniamkia shikamoo, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu azaliwe. Halafu akauliza taratibu, kaka, kweli uko sawa?

Nikamjibu nzuri.

Gari limeishia kwenye kona. Baba kanikabidhi matuta yote ya chini, mpaka mtoni, na jembe jipya, kana kwamba lile la zamani ndilo lililonifelisha.

Ila mimi siyo mtu wa kukata tamaa. Nimesikia Kireno kinafanana sana na Kihispania. Maana yake nusu ya shahada ya Kireno ninayo tayari, wanasubiri tu nijaze nusu iliyobaki. Baba nitamwambia siku Rahabu akimaliza uuguzi. Jioni hii nimeshaanza kujisomea.

Nimeanza na salamu.