Mbwa wa Mtani Wangu

Nyuma ya Mnada wa Ng'ombe,
Mjini Choma.
Jumanne, baada ya chai ya asubuhi.

Kwa Mheshimiwa Diwani Hantobolo, mwanangu kwa umri na mkubwa wangu kwa cheo,

YAH: OMBI LA KUHAMISHWA MBWA WOTE WA MAMA LIKANDO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama watoto, na kwamba ule mguu ulioteguka siku ya kuzindua kisima unaendelea kupona. Kisima chenyewe bado hakijatoa maji, lakini hilo si la leo.

Mimi ni Lameck Siamwiza, mwalimu mstaafu, jirani wa kwanza wa Makao ya Mbwa Wasio na Wenyewe, yanayoendeshwa na Bi Nalishebo, ambaye sisi sote tunamwita Mama Likando. Uzio wake wa waya ndio mpaka wangu wa upande wa magharibi. Ulipopita hapa wiki iliyopita na Bwana Kasonde, mwenye lile jumba jipya la vigae, mliniambia kwamba kamati ya kata itakaa Alhamisi kuamua kama makao hayo yafungwe na mbwa wachukuliwe na lori la halmashauri. Mkasema pia kwamba barua ya jirani wa karibu kuliko wote ndiyo itakayokata shauri. Nilipouliza lori litawapeleka wapi, ulitazama viatu vyako. Bwana Kasonde akasema, "Mzee, hayo waachie wataalamu. Wewe andika tu unavyoumia."

Basi naandika ninavyoumia. Nimeyapanga kwa namba, kama nilivyowafundisha watoto wa watu miaka yote ya kazi yangu, wewe ukiwemo, ingawa kwa upande wako namba hazikukaa sana.

1. Kelele. Mbwa hawa hubweka. Nalitaja hili kwanza kwa sababu ndilo Bwana Kasonde analoliona kuwa kubwa. Hubweka gari la maziwa likipita, hubweka mchungaji akianza maombi, na hubweka redio inapotangaza misiba, hasa ikiwa marehemu alikuwa mtu mwenye cheo. Nimewasikiliza kwa makini ya mtu asiye na kazi nyingine. Huanza mmoja. Wa pili humngoja amalize, kisha hujibu. Wengine huunga mkono hoja baada ya hapo, na yule kilema wa pembeni hupewa nafasi yake hata kama sauti yake haifiki mbali. Nimehudhuria vikao vingi vya halmashauri, Mheshimiwa, na sijawahi kuuona utaratibu huo. Makao haya hayako mbali na ofisi zenu. Mwananchi anayepita njia anaweza kulinganisha, na hilo ni hatari kwa heshima ya madiwani.

2. Majina. Mama Likando ni Mlozi na mimi ni Mtonga wa bondeni, na huhitaji kuelezwa kwamba Mlozi na Mtonga ni watani tangu enzi za mababu. Huyu mama anadai babu zangu walichunga ng'ombe wa babu zake, na kwa sababu hiyo huniita "mtumwa wangu" hata mbele ya daktari. Mimi humwita muuza samaki waliooza. Mpaka hapo hakuna kosa. Kosa ni kwamba amewapa mbwa majina ya kunilenga mimi.

Dume mmoja mwekundu, aliyeokotwa kituo cha mabasi, anaitwa Fidia. Kila asubuhi Mama Likando husimama katikati ya uga na kuita kwa sauti ya mtu aliyelelewa kuita mitumbwi ng'ambo ya mto: "Fidia! Fidia, njoo basi!" Mbwa haji. Hapo hunigeukia mimi kwenye uzio na kuniuliza, "Na wewe bado unamngoja?"

Jike mweupe anaitwa Umeme. Huyo hupita mbele ya mlango wangu kutwa kucha na hajawahi kuingia ndani. Sisi watu wa bondeni tulihamishwa kwa ahadi ya fidia mto ulipozibwa ili umeme upatikane, na nyaya zake zikapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini. Mama Likando anayajua hayo yote kwa sababu nilimsimulia mwenyewe, kwa huzuni, nikitegemea kuhurumiwa.

3. Chakula. Anawapikia uji mzito wa mahindi uliochanganywa na dagaa wa ziwani. Ziwa hilo, lililotokana na mto wetu kuzibwa, limekaa juu ya shamba la mtama la baba yangu, na juu ya kaburi la bibi yangu, na juu ya kile kibanda ambamo wazee wetu waliombea mvua. Nadhani waliomba kupita kiasi. Kwa hiyo kila mbwa aliye mle ndani amekula katika urithi wangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisalimu kama mwenye mali. Nilipomweleza Mama Likando, alijibu huku akikoroga sufuria, "Dagaa wa kwenu wamenona, mtumwa wangu. Wanakula wazee wabishi." Nilicheka. Naomba kicheko changu kisiandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

4. Msiba. Hili ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Mke wangu, Mama Choolwe, alipofariki mwaka juzi, Mama Likando alikuja matangani kama mtani anavyopaswa kuja. Lakini alikuja na mbwa watatu waliofungwa vitambaa vyeusi shingoni, akawakalisha kwenye mkeka wa wafiwa, akatangaza: "Jamani, hawa ni wakwe zenu kutoka kwetu Magharibi. Wametembea mbali. Wapeni nyama kwanza, kilio baadaye." Kisha akanigeukia mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa. "Na wewe, shati lako nani atakufulia sasa? Usiniletee mimi. Mimi naogesha mbwa tu, na hata hao huwa nachagua."

Mheshimiwa, nilicheka kwenye msiba wa mke wangu mpaka watu wakanishika mabega. Kicheko kilipokwisha, machozi yaliyokuwa yamegoma tangu hospitalini yakatoka, na hayakukoma mpaka jua likazama. Mbwa mmoja alilala juu ya miguu yangu muda wote huo. Sijui kamati italiweka kosa hili chini ya kifungu gani. Mimi naliita usumbufu kwa mfiwa.

5. Manyoya. Yanaingia kwenye chai.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba mbwa wahamishwe. Ila wahamishwe kwa kufuata utaratibu, na utaratibu huo naujua, kwa maana nilihamishwa nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi.

Kwanza aje bwana mmoja aliyevaa kaptula, asimame juu ya sanduku, awaeleze mbwa kwa lugha wasiyoielewa kwamba maji yanakuja. Mbwa wasiposadiki, kama sisi ambavyo hatukusadiki, aende zake na arudi na askari. Waonyeshwe makao mapya kwenye ramani, ambako mahali pakavu hupakwa rangi ya kijani vizuri tu. Waahidiwe kwamba kule watachimbiwa visima. Kila mbwa aruhusiwe chungu kimoja na mkeka mmoja. Wakongwe waruhusiwe kuaga makaburi, lakini kwa haraka, dereva asichelewe.

Hapa ndipo nimekutana na ugumu wa kisheria ambao lazima niuweke mbele ya kamati kwa uaminifu. Katika utaratibu uliotumika kunihamisha mimi, mbwa hawakuruhusiwa kupanda lori. Karani alisema lori ni la watu na vyombo vyao. Mbwa wetu, ambaye baba alimwita Waache Waseme, alikimbia nyuma yetu mpaka vumbi lilipotuzuia kuonana. Baadaye maji yalipopanda, zilipelekwa mashua kuwaokoa wanyama wa porini waliokwama visiwani. Waliokolewa swala, waliokolewa ngiri, hata nyoka walitiwa kwenye magunia wakavushwa. Ilikuwa kazi njema, na nimeifundisha darasani bila kinyongo. Lakini mbwa si mtu, na si mnyama wa porini. Lori halikumtambua na mashua haikumtambua.

Nimelifikiria jambo hili tangu wakati huo, na nimeona kwamba halmashauri haiwezi kumhamisha mbwa kihalali kabla serikali haijaamua mbwa ni nani. Uamuzi huo unaweza kuchukua muda. Wakati tunaungoja, na kwa kuwa lori limeshatengewa mafuta, napendekeza ahamishwe Bwana Kasonde. Yeye ni mtu, hilo halina ubishi mkubwa. Ana vyombo. Anaenea kwenye lori. Habweki, isipokuwa kwa simu. Jumba lake la vigae tutamwambia asijali, atajengewa jingine, na maji yatamfuata huko huko.

Ni haki kamati isikie pia upande wa mshtakiwa. Nilipompelekea Mama Likando habari za lori, alikuwa anampaka mbwa dawa ya kidonda sikioni, wala hakuinua kichwa. Alisema, "Sisi Walozi kila mwaka maji yakijaa tunahama. Tunapiga ngoma, mfalme anapanda mashua yake kubwa, watu wanaimba. Maji yakipungua, tunarudi nyumbani. Ninyi mlihama mnalia, na maji yenu hayajapungua mpaka leo. Sasa hapo nani mjinga?" Nimelitafakari swali hilo. Nalikabidhi kwa kamati. Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo ambayo si ya utani, "Mwalimu, wakiwachukua hawa watawapiga risasi nyuma ya dampo. Unajua, sivyo?" Akarudi kwenye sikio la mbwa.

Kwa barua hii nafikisha malalamiko yangu yote, nikiamini hekima ya kamati na kumbukumbu yako ya viboko vyangu. Nisalimie mama watoto, na mama mkwe wako wa Monze, na katibu wa kata, na yule mlinzi wa ofisini anayelala ameketi wima, kipaji ambacho ningependa kukijua. Msalimie Bwana Kasonde na vigae vyake.

Wako mtiifu katika ujenzi wa kata,

Mwl. Lameck Siamwiza

Tanbihi. Nilipokuwa nakunja barua hii, Mama Likando aliniuliza kutoka ng'ambo ya uzio naandika nini. Nikamsomea yote. Alisikiliza hadi mwisho, akapiga makofi, akaita mbwa waje washuhudie. "Umenishtaki? Mimi mtani wako? Ewe mtumwa, leo umepotea!"

Amesema kweli. Wewe ni Mtonga, Mheshimiwa, unajua hata kama katibu wako hajui: maneno ya mtani juu ya mtani wake hayasikilizwi na chifu, wala hakimu, wala kamati ya kata, na anayeyafikisha huko hutozwa jogoo. Hata Bwana Kasonde analijua hilo, maana yeye ni Mbemba, na Wabemba nao wana watani wao Wangoni. Kwa hiyo barua hii haina nguvu yoyote tangu neno lake la kwanza. Siwezi kuandika nyingine, kwa sababu hata kesho nitakuwa bado mtani. Tafadhali itangazie kamati kwamba jirani wa karibu kuliko wote hana malalamiko yanayoweza kupokelewa. Lori likija hata hivyo, mtanikuta nimekaa ugani katikati ya mbwa, na itabidi kwanza mwamue mimi niandikwe kama nani.

Jogoo nimeshalipa. Tumemla pamoja mchana huu, na mbwa wakapewa ugali uliolowekwa kwenye mchuzi. Walipoinamia vyombo vyao kukawa kimya eneo zima, kimya cha kusikia majani yakigusa waya wa uzio, na nikajikuta nimesimama nikisema kwa sauti kwamba kimya hiki sikipendi hata kidogo.

Mama Likando hakuacha kunyonya mfupa wake. "Kaa chini, mtumwa wangu," akasema. "Ngoja wamalize kula. Watakubwekea."