Kuhusu Mwalimu Justa na Mashine Yake ya Sanduku la Chai

Kijiji cha Ujamaa Kwamzuzu,
kwa kupitia duka la Ndugu Fidahussein,
Handeni.
2 Aprili, 1975

Kumb. Na. KWZ/ML/7

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: OMBI LA KUHAMISHWA MWALIMU JUSTA SIMEO

Natumaini u mzima na ofisi yako ni nzima. Sisi huku hatujambo, ila kwa hayo yafuatayo. Naandika kwa heshima zote, nikiwa Mwenyekiti wa kijiji hiki tangu tuhamie hapa, na sijawahi kukusumbua hata kwa chaki.

Mwaka jana mlituletea Mwalimu Justa, mwenyeji wa Kilole, Korogwe. Tulimpokea vizuri, tukampa nyumba yenye mlango. Hatukujua kwamba kabla ya ualimu alifanya kazi Dar es Salaam, katika ofisi yenye mashine iitwayo kompyuta, akitoboa kadi za kuilisha. Alinieleza kwamba mashine hiyo hupiga hesabu za mwezi mzima kwa dakika chache, lakini haina akili hata ya kuku. Hufanya kile tu ilichoandikiwa, hatua moja baada ya nyingine, haiongezi wala haipunguzi. Nikasema moyoni, huyo ndiye mwananchi tunayemtafuta. Nikampa ruhusa awafundishe watoto wa darasa la sita namna ya kuiandikia maagizo, ili siku mashine itakapofika Kwamzuzu isitukute tumelala.

Kwa kuwa mashine yenyewe hatuna, aliomba dukani kwa Ndugu Fidahussein sanduku tupu la majani ya chai, akalitoboa matundu mawili. Mtoto mmoja huketi ndani na kuwa ndiye kompyuta. Wenzake huandika maagizo kwenye karatasi na kuyapenyeza tundu la kushoto, na jibu hutokea tundu la kulia. Maagizo yakiwa pungufu, mashine hukaa kimya, na hapo kosa huhesabiwa kuwa la aliyeandika, si la mashine. Ndugu Afisa, naomba usome tena sentensi hiyo. Kosa ni la aliyeagiza! Nimekuwa kiongozi miaka mingi, tangu enzi za mkonge kule Ngombezi, na sijapata kusikia utaratibu kama huo.

Mashine bora kuliko zote, wanasema, ni binti yangu Chausiku. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mke wangu, Mwaija, alimwambia Chausiku abandike chungu motoni. Akabandika. Hakuambiwa atie maji, hakutia, na chungu kikapasuka. Mama yake alipofoka, mtoto alisema kwa adabu zote kwamba maagizo yalipungua hatua moja. Sasa mke wangu hawezi kumtuma mtoto kisimani bila kukaa kwanza kufikiri. Na ubaya wake ni kwamba mke wangu mwenyewe ameanza kuupenda utaratibu huo. Juzi nilimwambia afue nguo, akaniuliza zipi, kwa sabuni gani, na sabuni ikiisha afanyeje.

2. Katika mkutano wa kijiji, darasa la sita walikuja na maagizo yao wenyewe: "Piga makofi. Kama Mwenyekiti hajamaliza, rudia." Wakarudia. Nilipokohoa, wakapiga. Nilipokunywa maji, wakapiga. Hotuba yangu kuhusu choo cha kila nyumba haikusikika hata neno. Kesho yake Mwalimu aliwaeleza kwamba kosa hilo hutokea kwa mashine za kweli pia, huitwa mzunguko usiokwisha, na akawaonya wasimwandikie mtu maagizo ya kusubiri jambo ambalo huenda lisitokee. Watoto walicheka. Sikuona cha kuchekesha.

3. Hili naliandika kwa uchungu. Watoto waliandika hatua za kusonga ugali, ishirini na tatu kwa jumla, na Chausiku akaja kuzijaribu nyumbani siku niliyokuwa na wageni, wajumbe wawili kutoka Makuyuni. Hatua ya kwanza: fungua debe la unga. Hatua ya pili: kama unga hakuna, simama. Basi akafungua debe, akasimama. Akasimama pale mlangoni na mwiko mkononi, wajumbe wanamtazama, mpaka mama yake akamshika mkono na kumtoa. Nami wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeandika katika taarifa kwamba kijijini kwetu njaa hakuna. Niliona aibu, Ndugu Afisa, na mpaka leo ninaiona. Hatua ile haikuwa na haja ya kuandikwa.

4. Sasa nafika penyewe. Waraka kutoka juu ulisema kila shamba liwe limepandwa ifikapo tarehe 1 Machi. Waraka haukutaja mvua. Wazee kama Bibi Hamisa walinung'unika kwamba ardhi bado ina joto, nikawakumbusha kwamba nchi inajengwa kwa vitendo. Tukapanda mbegu yote ya kijiji kwenye vumbi, tukamaliza siku mbili kabla, na nimekwisha kutuma taarifa ya asilimia mia moja. Kwamba mchwa na kanga wamekula karibu yote ni jambo jingine, na fomu haina nafasi yake.

Lakini shamba la shule halijapandwa! Watoto wamebandika mlangoni pa darasa maagizo haya: "Chomeka kidole ardhini. Kama udongo ni mkavu, rudi darasani, kesho anza tena. Kama una unyevu mpaka pingili ya pili, panda." Kila asubuhi, kwa siku thelathini na mbili sasa, darasa zima linapiga magoti mbele ya macho ya wananchi, linachomeka vidole, linainuka, linakwenda zake. Gunia lao la mbegu limeketi darasani. Jumatatu niliwaamuru wapande. Walisema watapanda kwa furaha, ila niwaandikie amri hiyo, nitie sahihi, na nionyeshe mbegu isipoota wafanyeje. Sikuandika. Mimi si mjinga.

5. Sanduku nimelikamata. Limefungwa kwa kamba ofisini kwangu. Masomo hayakukoma, kwa sababu, kama Chausiku alivyonieleza, mashine si sanduku.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mwalimu Justa ahamishwe mara moja, apelekwe mahali wasipolima. Pili, neno "kama" liondolewe katika masomo ya darasa la sita, na anayetaka kulitumia apeleke maombi kwa kamati, nakala tatu. Tatu, mashine hizo, siku zikiletwa nchini kwa wingi, zifundishwe kwanza kutii bila kuandikiwa, ndipo zije vijijini.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa getini, mama watoto na wote wanaotufahamu hapo ofisini. Bibi Hamisa, uliyemkuta akichechemea mwaka jana, anasema mguu wake unaendelea vizuri.

Ni mimi, mtekelezaji wa nyaraka zote,
Muhidini Sadala
Mwenyekiti

Baada ya sahihi, 19 Aprili: Barua hii haikuondoka. Mvua ilianza tarehe 6 na basi halikupita kwa ajili ya matope. Tarehe 8 watoto walipiga magoti kama kawaida yao, na safari hii hawakuinuka haraka. Walipanda siku hiyo hiyo. Mahindi yao yamekwisha kutokeza, mstari kwa mstari, nusu eka nzima, na katika Kwamzuzu yote hakuna jani jingine la mhindi. Wananchi walisimama wakayatazama, kisha wakanitazama mimi.

Juzi Chausiku aliniletea kikapu cha mbegu iliyobaki katika gunia la shule. Mwalimu amegawa kila nyumba kikapu kimoja. Nilitoka naye hadi shambani, nikapiga magoti, nikachomeka kidole. Nilikuwa nimesahau jinsi udongo wenye maji unavyopendeza mkononi. Nililia kidogo, nikapanda.

Ningeichana barua hii, lakini imekwisha kuingizwa katika daftari la barua zitokazo na kupewa namba, na yenye namba sharti iondoke. Utaratibu wetu hauna hatua ya kurudi nyuma. Basi nakuandikia hatua, nawe uzifuate zilivyo:

Hatua ya 1: Angalia kama Mwalimu Justa bado yupo Kwamzuzu.
Hatua ya 2: Kama yupo, simama. Usifanye jambo lolote.
Hatua ya 3: Kama umekwisha kumhamisha, mrudishe, kisha rudi hatua ya 1.

Chausiku amezipitia, anasema zinatosha. Likitokea kosa, ni langu mimi niliyeandika.