Neno la Siri la Mkuu wa Kompyuta

Jumatatu, 9 Machi

Siku mbaya.

Mama Taaka, bosi wetu, ametangaza mbele ya ofisi nzima (yaani mbele yangu na Phiona, maana ofisi hii haina watu wengine) kwamba kompyuta zetu atawapa watu wa nje wazitunze. Watu wa nje! Kampuni ya mjini Tororo. Alikutana na mwenye kampuni kwenye mkutano wa wafanyabiashara, wakanywa chai, wakaelewana. Ati ofisi ndogo kama yetu haiwezi kumtegemea mtu mmoja. Ati mtu huyo akiugua malaria, ofisi nzima inaugua malaria. Ati wale wako wengi, kila mmoja na ujuzi wake, na unawalipa kwa kazi waliyofanya, si kwa kukaa.

Mtu mmoja huyo ni mimi, Edimu, Mkuu wa Kompyuta. Cheo nilijipa mwenyewe, lakini nilikibandika mlangoni na Mama Taaka hakukibandua.

Nikamuuliza kwa heshima kosa langu ni nini. Akataja intaneti. Ni kweli, kwenye kile kisanduku cha intaneti nilitia laini ya Kenya, maana upande ule bando ni rahisi, nikakiweka dirishani kitazame Kenya. Kinafanya kazi vizuri kabisa. Isipokuwa lori likiegesha mbele ya dirisha. Na sisi kazi yetu ni kuwatolea watu mizigo forodhani, hapa Busia, mpakani! Mama Taaka anasema tunaomba Mungu atuletee malori, na yakija hatuwezi kuyahudumia.

Akataja na printa. Habari za printa sitaki kuziandika.

Ingekuwa ni kazi tu, ningevumilia. Lakini kuna Nabuyoga, kijijini kwa wakwe. Siku nilipokwenda kujitambulisha kwa kina Abbo, mchumba wangu, baba yake, Mzee Owor, alisimama akawaambia wazee wa ukoo kwamba bintiye anaolewa na kijana anayeendesha kompyuta zote za mpaka. Sikumsahihisha. Ng'ombe wa mahari wamekwenda, harusi ni baada ya Pasaka. Sasa nirudi kuwa mkimbiza makaratasi kama nilivyoanza, nipange foleni na mkoba kwapani, wakwe wapite na kuniona? Aibu itanimaliza.

Naandika haya kwenye kompyuta ya ofisi. Nyumbani kaka yangu anasoma kila kitu. Hapa ndipo pa siri.

Jumanne, 10 Machi

Nimeamua kumwonyesha Mama Taaka kwamba hahitaji mtu wa nje. Matengenezo makubwa!

Niliazima pampu kwa bwana mmoja wa boda ya baiskeli, nikapuliza vumbi ndani ya kompyuta zote mbili. Vumbi lilitoka kwelikweli. Likatua kwenye chai ya Mama Taaka na kwenye karatasi za Phiona zilizokuwa zimepigwa muhuri na wino haujakauka. Phiona alipiga chafya hadi mchana. Huyu Phiona ndiye anayeandaa hati za mizigo, na tangu aje ofisi hii hajawahi kucheka kichekesho changu hata kimoja.

Kisha, ili vumbi lisirudi, nikazifunika kompyuta kwa vitambaa vya kufuma alivyonitengenezea dada yangu. Zikapendeza sana. Baada ya muda ya Phiona ikapata joto, ikazimika yenyewe, ikameza hati aliyokuwa anaandika tangu afungue ofisi. Akamwambia Mama Taaka, mimi nikiwepo, kwamba dawa yangu kwa kila ugonjwa ni kuzima na kuwasha.

Nikamuuliza kama haiponyi. Akapiga chafya tena. Lakini Mama Taaka alikwishachukua simu, akatoka nje nayo. Nilimwona dirishani akitikisa kichwa na kucheka. Anacheka na nani? Sijala mchana wote.

Jumatano, 11 Machi

Nimepata! Sijui kwa nini sikufikiria mapema.

Watu wa Tororo watatibu vipi kompyuta isiyofunguka? Neno letu la siri la zamani lilikuwa linajulikana na kila mtu, hata mama anayetuletea maandazi. Nimelibadilisha. Kompyuta zote mbili. Nimemwambia Phiona kwamba kuanzia leo nitakuwa namfungulia mwenyewe kila asubuhi, kwa ajili ya usalama.

Kazi ilikuwa kupata neno. Kaka yangu anasema ninaropoka usingizini, kwa hiyo nilitaka neno ambalo haliwezi kunitoka mdomoni hata nikiwa na homa. Nikazunguka ofisini, nikazunguka, halafu likanijia. Jina la mama mkwe!

Kwetu Wateso, na kwa kina Abbo ambao ni Wapadhola vilevile, mama mkwe anaheshimiwa kwa kukaa naye mbali. Humshiki mkono. Huketi naye chumba kimoja. Na jina lake hulitaji, hata ukikabwa koo. Mimi nimelelewa hivyo tangu utotoni. Basi nani atalisikia kwangu? Nilisita kidogo, nikajiuliza kama kuandika ni sawa na kutamka. Nikaona si sawa. Vidole si mdomo.

Mama mkwe mwenyewe simfahamu, na ndivyo inavyotakiwa. Siku ya utambulisho niliona mgongo wake, baadaye nikaona picha. Abbo anasema ana ofisi yake Tororo na anafanya kazi sana. Ofisi ya nini, sikuuliza. Huulizi habari za mama mkwe. Nadhani ni ushonaji.

Leo nimekula ugali mkubwa.

Alhamisi, 12 Machi

Nilimweleza Mama Taaka kwamba kompyuta zake sasa ziko salama kuliko benki, na ufunguo uko kichwani mwangu tu. Nilitegemea anipe mkono. Alinitazama mpaka nikaanza kujikuna. Kisha akauliza: "Na wewe Edimu, lori ikikugonga?"

Nikamwambia ninavuka barabara kwa uangalifu.

Alipiga simu Tororo hapohapo, nikisikia. Mwenye kampuni anakuja mwenyewe kesho. Vizuri! Aje! Kesho ndiyo siku ya Amuge, yule mfugaji wa kuku wa Masinya, anayepokea vifaranga wa siku moja kutoka Kenya. Hati zake zote zimo kwenye kompyuta ya Phiona. Mtaalamu atakuja, atabonyeza, atatoka jasho, atashindwa. Mama Taaka ataniangalia mimi. Nitawaacha wahangaike kidogo tu, halafu nitafungua kwa vidole viwili bila kusema neno.

Nimepiga pasi shati la buluu. Moyo unadunda vibaya lakini nadhani ni furaha.

Ijumaa, 13 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Vifaranga walifika asubuhi, makatoni juu ya makatoni, wakasimamishwa kusubiri hati. Jua lilikuwa kali. Amuge aliingiza makatoni mengine ofisini wapate kivuli, zikawa kelele ambazo sijapata kusikia. Akasema kifaranga wa siku moja hajui kusubiri kama binadamu, hana maji mwilini ya kusubiria. Akauliza anayewachelewesha ni nani. Phiona akanyoosha mdomo upande wangu.

Mimi nilikuwa kitini na shati langu, namsubiri mtaalamu.

Gari likasimama. Mama Taaka akatoka kupokea mgeni. Mlangoni akatokea mwanamke mwenye begi la vifaa begani na miwani juu ya kichwa.

Mama mkwe!

Mama mkwe wangu! Mama yake Abbo! Ndiye mwenye kampuni!

Yeye akaniona. Akafanya anavyofanya mwanamke mwenye heshima zake: akajifunika uso kwa begi, akageukia ukuta. Nami nikafanya anavyofanya mkwe mwenye adabu: nikatoka. Mlango alikuwa ameuziba yeye. Likabaki dirisha. Nilitokea hapo, pamoja na kisanduku cha intaneti.

Nikajificha nyuma ya tairi la lori, goti linavuja damu. Simu ikalia. Ni Phiona, anataka neno la siri, na ameweka spika ili wote wasikie. Wote! Na yeye yumo mle ndani!

Nikasema siwezi kulitaja. Mama Taaka akadhani ninagoma. Akapiga kelele kwamba vifaranga wanalegea, na akifa mmoja tu, kile kiti nisikikalie tena maishani. Amuge akaongeza maneno ya Kiteso ambayo niliyaelewa vizuri mno.

Nikajaribu kusaidia. Nikasema ni jina la mtu. Mtu gani? Nikasema ni mwanamke. Mwanamke gani? Jasho linaingia machoni. Nikasema ni mke wa mtu.

"Mke wa nani?" Mama Taaka akauliza, sauti imeshuka.

Nikasema wa mzee mmoja wa Nabuyoga.

Zikabaki kelele za vifaranga tu. Mungu wangu, ningekufa pale pale chini ya lori nisingejali.

Halafu nikamsikia Phiona. "Banange," alisema kwa mshangao, polepole kabisa. Akamuuliza mgeni, kwa adabu, majina yake yote. Kutoka upande wa ukuta ikajibu sauti ndogo. Vitufe vikalia. Kompyuta ikaimba ule wimbo wake wa kufunguka.

Vifaranga walipita mchana. Mmoja alikuwa amelegea sana, Amuge akamtia kifuani, akafufuka. Mimi nilikwenda nyumbani kwa njia ya nyuma ya soko.

Ujumbe! Ningemwandikia Phiona ujumbe wa simu! Nimekumbuka hilo jioni, nikioga.

Jumatatu, 16 Machi

Niko hai. Ninacho kiti. Sijui nicheke au nilie.

Abbo alipiga simu jana. Alikuwa ama analia ama anacheka, sikuweza kutambua. Wazee walikaa Nabuyoga kuamua kama jina lililoandikwa na vidole limetajwa au halijatajwa. Wakagawanyika. Kwa kutamka ningetozwa mbuzi, kwa kuandika hawana sheria. Wameafikiana kuku. Harusi ipo! Nilikaa chini sakafuni nikashukuru kwa sauti.

Leo asubuhi Mama Taaka aliniita. Akasema watu wawili wasioweza kukaa chumba kimoja, mmoja lazima atoke, na hatatoka yule anayejua kazi. Nilikwisha kuanza kukunja vitambaa vyangu. Kumbe mama mkwe alikwisha kunisemea. Amemwambia hakuna haja ya yeye kuja Busia wala mimi kuondoka. Kampuni yake inatunza kompyuta za wateja ikiwa kulekule Tororo, kwa intaneti. Hapa panahitajika tu mtu wa kuchomeka waya na kubonyeza swichi. Maagizo yatapitia kwa Phiona, ili tusisemezane. Ati mwanamume atakayemwoa bintiye lazima awe na pa kwenda asubuhi.

Nililia kidogo. Kwa furaha na kwa aibu, vyote kwa pamoja.

Phiona amenieleza mara mbili kwamba nakala ya kila kitu itakwenda Tororo kila siku, na kila Jumamosi jioni mama mkwe ataingia ndani ya kompyuta zetu kuzikagua. Niliitikia kwa kichwa. Maneno ya biashara tu hayo. Mtu aliye Tororo ataingiaje chumba ambacho ufunguo wake ninao mimi?

Jumamosi, 21 Machi

Jioni. Niko peke yangu ofisini, nina wasiwasi mkubwa.

Wiki nzima hakuna kilichoharibika. Fundi wao alikuja Jumanne akaweka kitu juu ya paa, sasa malori yaegeshe yatakavyo, intaneti haitikisiki. Printa inachapa. Phiona anamaliza hati mapema, anaimba. Hakuna aliyeniita hata mara moja! Kompyuta isiyougua itamtaka daktari wa nini? Hali hii ikiendelea hadi Pasaka, Mama Taaka ataanza kujiuliza mimi ni wa kazi gani, na nitaoa nikiwa mbonyeza swichi.

Kwa hiyo nimepanga. Ninabadilisha neno la siri tena, leo, kimya kimya. Jumatatu watakwama, wataniita. Kosa la mara ya kwanza nimelichunguza na nimelielewa: nilichagua jina ambalo mwenyewe anaweza kuingia mlangoni. Safari hii nimechagua jina la mama yake mama mkwe. Bibi mzee, yuko Kwapa na mihogo yake, hatoki. Naliandika hapa nisije nikalisahau:

Ajabu. Herufi zimefutika.

Nimeandika tena. Zimefutika tena, moja moja, taratibu, kama mtu anayefuta kwa adabu.

Ule mshale unatembea na kipanya sijakigusa. Umepanda juu kabisa ya shajara yangu, hadi ile Jumatatu ya kwanza. Sasa unashuka mstari kwa mstari. Umesimama pale nilipoandika kwamba cheo nilijipa mwenyewe. Umekaa hapo muda mrefu. Sasa uko kwa Mzee Owor. Sasa uko dirishani.

Kirusi! Kirusi chenyewe! Na kampuni nzima ya Tororo haijakiona, nimekiona mimi! Jumatatu nitamweleza Mama Taaka mbele ya Phiona, tuone ni nani atakayebaki bila kazi.

Nimezima, nimewasha. Bado kipo, bado kinasoma. Naifunika kompyuta kwa kitambaa sasa hivi, kikose hewa.