Kilo za Mama Zimehamia Kwangu

Kwa Daktari wa Chumba Namba Tatu,
Kliniki ya Sukari na Uzito.

Shikamoo, Daktari.

Natumaini barua hii itakukuta umeshapata chai, maana nimechunguza nikaona kwamba mkishapata chai mnasikiliza vizuri zaidi. Mimi ni mtoto wa yule mama mpishi mwenye mgahawa karibu na gereji. Ni mimi niliyekaa kwenye benchi nimekumbatia mkoba wa mama Jumatano iliyopita. Uliniuliza kama nina swali, nami nikaitazama mizani mpaka ukanionea huruma. Maswali nilikuwa nayo mengi. Tatizo ni kwamba mbele ya watu ulimi wangu huganda, lakini nikishika kalamu hata waziri namwandikia.

Ulimwambia mama kuwa kwa sababu uzito umeanza kupanda tena, Jumatatu utamwongezea kipimo cha ile sindano ya kila wiki ya kupunguza uzito. Kwa heshima zote, naomba usimwongezee. Naomba umwachishe kabisa. Sababu zangu ni hizi:

1. Kilo hazikupungua, zilihama. Kwa miezi sita mama alipoteza kilo kumi na moja, nanyi mkampigia makofi. Hakuna aliyeuliza zimekwenda wapi. Kwetu chakula hakimwagwi. Mama akila vijiko vitatu akasukuma sahani, sahani hiyo haina pa kwenda ila mbele yangu. Mpaka leo nimepokea kilo tano. Baba, ambaye ni dereva wa lori na hulala nyumbani siku mbili tu kwa wiki, amepata mbili. Nne bado hazijulikani zilipo, ingawa paka wetu siku hizi akitaka kupanda dirishani hulitazama kwanza, kisha hulala. Hospitali inayoweza kumtoa mtu kilo iwe pia na dirisha la kuzipokea.

2. Mpishi bila hamu ya kula ni kama dereva aliyefumba macho. Miezi ile sita ilikuwa hivi: asubuhi mama akisikia harufu ya mafuta, roho inamchafuka, kwa hiyo kazi ya kuonja nimepewa mimi. Naonja kabla ya shule, nikirudi naonja tena. Mama huuliza, "Chumvi imekolea?" na wateja wamesimama pale pale na bakuli zao, wote wananitazama. Nitafanya nini? Naitikia kwa kichwa, hata kama imekolea mpaka machozi yananilenga. Wiki moja fundi viatu, mteja wetu wa siku zote, alinyanyua bakuli akapaza sauti: "Wewe Kimya," ndilo jina walilonibandika, "supu hii umeionja kwa ulimi au kwa goti?" Watu walicheka mpaka aliyekuwa anaongea na simu akaikata ili acheke vizuri. Mama naye alicheka. Nilikwenda stoo nikakaa na viazi mpaka watu wakapungua.

3. Fundi huyo huyo amewauliza wenzake: "Mpishi asiyekula chakula chake, kuna nini anachokijua ambacho sisi hatukijui?" Tangu hapo wawili wamehamia kwa jirani.

4. Nguvu. Zamani magoti ya mama yalikuwa hayamruhusu kupanda ngazi, na chumba changu kiko juu. Ngazi kumi na nne zilikuwa walinzi wangu, nami niliishi kwa amani na soksi zangu. Sasa anapanda hata mara tatu kwa siku, na kwa kuwa hahemi, simsikii akija! Ameshakuta daftari la hesabu na vitu vingine ambavyo si vya kumwandikia daktari. Tena hakoromi. Baba analalamika kwamba usiku hushtuka akidhani injini imezimika mlimani. Sukari ilishuka, na vidonge vya presha ulivipunguza wewe mwenyewe. Haya yote siyakatai. Ninachosema ni kwamba sisi tunaoishi jirani na afya yake tulipaswa kushirikishwa.

5. Ile karatasi ya maelezo. Imekunjwa mara nyingi kuliko shati la sare, imeandikwa kwa Kiingereza, na mama husema, "Wewe ndiye tuliyekusomesha lugha mbili, nisomee." Nimemsomea kichefuchefu, kutapika, mawe kwenye mfuko wa nyongo, na kongosho kuvimba. Kwenye kufunga choo nilisita kwa sababu baba alikuwepo, mama akasema, "Ruka, hicho nakijua bila kutafsiriwa." Na kwa kuwa sindano anaiogopa kuliko moto, mimi ndiye ninayemchoma tumboni kila Ijumaa kabla hatujafungua mgahawa. Wenzangu darasani hupangiwa kuosha vyombo. Halafu bei! Dawa ya mwezi mmoja ingenunua jokofu la mtumba, na ulituambia kwamba akiacha, kilo zinaweza kurudi. Hiyo siyo tiba, ni kodi ya nyumba: ila hapa ukiacha kulipa, mwenye nyumba badala ya kukutolea vitu nje, anakurudishia kilo zako zote ndani.

6. La mwisho ndilo kubwa. Dawa yenyewe haifanyi kazi. Mwezi huu njaa ya mama ilirudi. Akaanza kuonja mwenyewe, supu ikawa supu, na fundi viatu akaomba aongezewe. Jioni tukishafunga, tulikula sahani moja kama zamani, na aliniibia kiazi nilichokuwa nimekihifadhi pembeni. Sikumbuki lini tulicheka hivyo. Ila mizani ikapanda kilo mbili, sukari nayo ikapanda, na Jumanne alishika ukingo wa meza akasema dunia inazunguka. Sasa Daktari, kama panga halikati, utanunua panga kubwa zaidi la aina ile ile? Mwachishe.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie muuguzi wa mizani, ambaye huwaambia watu wote kwamba viatu vyao ndivyo vizito, na mlinzi wa getini, na wagonjwa wote walio kwenye foleni nyuma ya mama.

Wako kwa heshima,
Kimya.

Nyongeza, Jumapili: Daktari, futa namba sita. Na kwa kuwa hizo nyingine zimeiegemea hiyo, futa zote.

Dawa haikushindwa. Ijumaa nne mfululizo nilimchoma mama bila kubonyeza dawa iingie. Yeye hufumba macho, mimi nikahesabu mpaka sita kwa sauti, nikachomoa. Nilitaka ale na mimi. Sikujua kuwa ungemwongezea. Jana nikaifungua tena ile karatasi. Inasema aliyekosa dozi kadhaa amwone daktari kabla ya kuendelea, maana huenda ikabidi aanze upya kwa kipimo kidogo. Nimeisoma mara nne, katika lugha zote mbili, na haibadiliki. Kwa hiyo usimwongezee, lakini pia usimwachishe. Mwanzishie chini, taratibu.

Leo asubuhi nimemwambia mama. Nilitegemea kofi. Alikaa juu ya ndoo ya unga, akasema, "Kumbe si mimi." Mwezi mzima alikuwa akijilaumu kwamba hana msimamo na kwamba anakula kama mtoto. Akajipangusa macho kwa aproni, akacheka, akaniita jina ambalo siliandiki hapa, akasema barua hii niilete kwa mkono wangu.

Ndiyo maana aliyekukabidhi bahasha bado amesimama mbele yako. Tafadhali usinitazame sana. Ukimaliza kusoma, mwite mama aingie.