Wala Bure Katika Shamba la Shangazi

Jumamosi, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa shamba. Naam, mimi! Shangazi amekwenda kumwuguza mdogo wake, na bustani yote ya uani sasa iko chini ya utawala wangu: mchicha, mnavu, kunde, mlonge, mipapai minne, na tuta la maboga ambalo Shangazi analipenda kuliko anavyonipenda mimi, mtoto wa kaka yake wa damu.

Masharti niliyapewa mlangoni, yeye begi likiwa tayari begani. Akirudi akute maboga, chumba cha uani kitabaki changu. Asipoyakuta, chumba atapewa fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye mvua ikinyesha hulowa barazani pamoja na mashine yake. Mimi nitahamia stoo, kwa majembe na kuku. Akamalizia kwamba nimwagilie maji tu, nisiguse kitu kingine. Nikaitika ndiyo Shangazi. Kumwagilia tu! Ni kama kumpa rubani kazi ya kufagia ndege.

Fundi naye ana boga lake, mche mmoja, kwenye pipa bovu kando ya baraza. Mmoja! Nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma. Akaniita Bwana Shamba. Hatimaye mtu ameniheshimu.

Jumapili, 5 Machi

Nimegundua jambo. Wasomi wote na miwani yao hawajaliona!

Maua ya boga ni ya aina mbili. Mengine yana kiboga kidogo nyuma, mviringo kama gololi. Mengine yamesimama tu kwenye vikonyo virefu, yamevaa njano yao, yanapepesuka, na nyuma hakuna kitu. Hayazai! Yanakunywa maji niliyoyateka kwa jasho langu, yanakula mbolea ya kuku, yanaota jua. Wala bure! Na ndiyo mengi.

Nimeyachuma yote kabla hata ya kupiga mswaki. Sasa nguvu zitakwenda kwa wanaozaa. Mwalimu alisema sitafika mbali. Mbali niende kufanya nini, na bustani iko hapa uani?

Kazi ilinichosha. Nikarudi kulala hadi chakula cha mchana. Alipika fundi. Chumvi kidogo, lakini nilimsamehe, nikaongeza sahani ya pili.

Jumatano, 8 Machi

Fundi amenikuta namwaga maua jaani. Akauliza kama nayahitaji. Nikamwambia takataka hizo, chukua. Akaomba awe anapata machache kila asubuhi, maana mche wake umetoa yale yanayozaa peke yake. Ya nini, nikamwuliza. Akajibu bila hata kutabasamu kwamba anakwenda kuposa: kwake pipani kuna mabinti wamefungua mlango na hakuna mchumba anayebisha hodi.

Maskini. Kuinamia cherehani miaka yote hiyo si mchezo, kichwa lazima kilegee.

Nikampa maua ya kujaa mkono. Baadaye nikamwona ameinama pipani, anapapasa ua lake kwa ua langu, taratibu, kama mama anayempaka mtoto poda. Nilijificha nyuma ya mlonge nikacheka mpaka nikakohoa. Na mtu huyu ndiye anayekitaka chumba changu!

Jumamosi, 11 Machi

Nimewafuma wezi! Nyuki. Wanaingia kwenye maua yangu mazuri, wanazungukazunguka humo ndani, wanatoka na mizigo miguuni. Mchana kweupe! Nani aliwapa ruhusa?

Nimetoa chandarua cha zamani cha Shangazi, nikafunika tuta zima, nikakandamiza kingo kwa matofali. Nyuki mmoja alinipinga kwa nguvu. Alinipiga puani. Pua imevimba, jicho moja halifunguki vizuri.

Fundi alipita akauliza kama maboga yangu yanaogopa malaria. Halafu akanitazama usoni akanipa hongera, eti boga la kwanza limeshatoka na liko katikati ya uso wangu. Wivu huo. Nimemwacha aseme. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Jumanne, 14 Machi

Balaa! Viboga vinageuka njano, vinasinyaa, vinaanguka. Leo kimoja, kesho kingine. Nimegusa kimoja kwa kidole tu, kikaanguka kama kilikuwa kinangoja ruhusa.

Nimechunguza kwa makini. Chanzo ni jicho la husuda. Fundi ana jicho! Haiwezekani pipa bovu lililojaa kutu libebe maboga matatu yanayonenepa, huku tuta la heshima likibaki na majani tu. Nikamwambia waziwazi aache kutazama upande wangu. Hakubisha. Akageuza kiti chake na mashine yake, akaendelea kushona akiwa amenipa mgongo.

Viboga bado vinaanguka. Kumbe jicho lake linapenya hata mgongo. Hatari sana mtu huyu!

Nimeongeza maji. Nimeongeza na ukali pia: sasa wala bure nawachuma wangali wamefumba, hata hawajaona dunia.

Jumamosi, 18 Machi

Shangazi ametuma ujumbe. Anarudi Jumanne.

Nimekwenda kuangalia stoo, kuangalia tu. Jogoo alikuwa juu ya gunia. Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, kisha akasogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kitandani. Nikatoka mbio.

Lazima boga lipatikane. Akili, fanya kazi!

Jumatatu, 20 Machi

Imefanya kazi!

Asubuhi nilimwomba fundi sindano na uzi. Nikamwonyesha suruali yangu ilivyochanika nyuma, na imechanika kweli, kwa hiyo uongo hapo haupo. Akanipa uzi mwekundu, akasema ndio uliobaki, anakwenda kununua mwingine pamoja na vifungo.

Alipopinda kona tu, nikalikata lile boga lake kubwa. Nikalifunga kwa uzi kwenye mche wangu, nikavuta majani yakafunika fundo. Pale pipani nikapanga majani vizuri kuziba pengo. Ukitazama, utaapa boga limezaliwa hapo. Hata mimi nilipolitazama nilijisikia baba.

Suruali nitashona siku nyingine.

Jumanne, 21 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Shangazi hakunywa hata maji. Begi chini, moja kwa moja kwenye tuta. Akauliza chandarua ni cha nini. Nikasema usalama. Nikamwonyesha boga, nikaanza hotuba yangu kuhusu vijana na kilimo. Akainama, akaligonga kwa kidole, akalishika alinyanyue kidogo aone chini yake.

Likaja lote. Uzi mwekundu ukining'inia.

Fundi akainuka, akavaa miwani, akaja. Wala hakuuliza boga ni la nani. Alilitazama fundo. Akasema ameshona miaka mingi lakini fundo bovu namna hii hajapata kuliona. Kisha akazunguka nyuma yangu, akauliza mbona suruali bado imefungua dirisha.

Shangazi akakaa juu ya ndoo. Akauliza maua dume yako wapi. Nikamweleza kanuni yangu ya wala bure, yote, vizuri kabisa, maana ukweli haujifichi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema maua dume ndiyo yenye ule unga wa uzazi, na nyuki ndio washenga wanaoupeleka kwa majike. Mimi nimewafukuza wachumba, nimewafungia washenga mlango, halafu nimekaa kitako nangoja wajukuu!

Akaongeza kwamba kama kila dume lisilozaa lingeng'olewa katika nyumba hii, mimi angenianza tangu mwaka juzi.

Fundi alicheka mpaka akauegemea mlonge. Mlonge uleule!

Boga lilipikwa jioni. Fundi kapewa nusu. Mimi nimepewa majani ya maboga, na fagio la kusafishia stoo.

Jumatano, 22 Machi

Stoo. Jogoo hana adabu, anawika sikioni. Kule chumbani kwangu cherehani inaimba tangu alfajiri.

Lakini sikati tamaa. Mtu mwenye akili hujifunza, nami nimejifunza: kosa langu lilikuwa kushughulika na vitu vidogo. Maua! Kipaji kama changu kinataka miti.

Nimekaa hapa mlangoni natazama uani. Mipapai mitatu imejaa mapapai mpaka shingoni. Wa nne, ule ulioko katikati yao, una maua tu yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Tangu nimekuja hapa haujatoa hata papai moja. Unakunywa maji. Unaota jua. Na umesimama kwa maringo kabisa!

Shangazi amekwenda sokoni. Akirudi na kuona nilivyomsafishia nafasi, chumba changu nitarudishiwa kabla ya jioni.

Kumbe stoo nayo ina faida zake: panga lilikuwa hapahapa, karibu na mto wangu. Nimeshalinoa.