Mgeni wa Aberdeen na Kibaraza cha Ame Nanga

Siku ile mkaa wangu haujashika vizuri, Tahiri Redio keshafika kijiweni, simu kaiinua juu utadhani kauona mwezi wa Idi. Mimi ndiye Kashata, muuza kahawa wa barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, na Tahiri namjua. Huyu hata paka wa jirani akizaa, anakuja kutangaza idadi na rangi.

"Jamani, njooni muone Yakoub wa dada yangu anavyokula maisha! Aberdeen, Uskoti! Picha zimeingia alfajiri."

Yakoub ni baharia wa meli zinazopeleka vyakula kwenye visima vya mafuta huko. Simu ikapita mkono kwa mkono hadi kwa Sadalla Profesa, ambaye uprofesa wake kaupata kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa maandazi.

"Hili nini? Gofu?"

"Ngome hiyo, Profesa. Inaitwa Dunnottar, kusini ya mji, safari fupi ya gari. Juu jabali, chini bahari. Watu wanapanga foleni kuingia."

"Mbona haina paa?"

"Ndiyo raha yake."

"Tahiri, usinifanye mtoto. Wazungu wapange foleni kwa nyumba isiyo na paa? Basi masika hii naweka geti jikoni kwangu."

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Ame Nanga hakucheka, na sababu yake sote tuliijua.

Ame ni Mpemba. Alishuka Tanga na gunia la karafuu, ndevu hazijaota, akakaa kwenye kibaraza hiki cha kijiwe chetu apumzike. Kapumzika mpaka leo, ndiyo maana tukamwita Nanga. Mke kafariki, watoto wako Wete, na mtu akimtafuta haulizi anakoishi, anaulizia kibaraza. Sasa Abdulhakim, mrithi wa nyumba, katangaza kwamba Jumatatu analeta kijiko, lile dude la kuchimbia, aivunje nyumba nzima na kibaraza chake, ajenge frem za maduka zenye vioo. Sisi wengine tutanuna wiki moja, tutapata ukuta mwingine wa kuegemea. Ame hana kwingine. Roho iliniuma, nikamjazia kikombe hadi ukingoni.

"Na hivi vijumba?" Profesa akauliza.

"Hiyo Fittie, mtaa wa wavuvi wa zamani, pale pale mdomoni mwa bandari. Watalii wanapita vichochoroni wakichungulia madirisha."

"Wanachungulia wavuvi? Shemeji yangu kavua huko Moa miaka thelathini, hajachunguliwa na kiumbe ila mbuzi!"

"Na hapa wanatazama pomboo. Mtu anasimama na darubini kwenye baridi ya kupasua mdomo, saa tatu nzima."

"Akimuona?"

"Anapiga makofi."

"Akishapiga?"

"Anarudi kwake kafurahi."

Profesa akavua miwani. "Hao watu wameshiba, bwana. Halafu kwani sisi hatuna vya kale? Tongoni kuna magofu na makaburi ya mawe yamesimama tangu enzi za mababu. Amboni kuna mapango. Nani anapanga foleni?"

"Wewe mwenyewe Amboni umefika?"

"Mimi... nimewaelekeza watu wengi sana."

"Umefika, hujafika?"

"Kuna popo, Tahiri! Kila mtu na mwiko wake."

Hapo hata Ame akatabasamu kidogo. Tahiri akatafuta picha nyingine. "Hii sasa ndiyo kiboko. Nyumba ya mkubwa mmoja wa mji, jina lake Skene. Ina miaka mia nne na zaidi. Wamejenga maghorofa ya vioo pande zote, yenyewe wameiacha katikati. Hakuna wa kuigusa."

"Mrithi wake hakutaka frem?" Ame akauliza taratibu.

Na mrithi wa hapa ndiyo kwanza anatokea, suruali imepigwa pasi, futi ya kupimia mkononi.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, Abdulhakim," Ame akajibu. "Umekuja kumpima maiti?"

"Ami Ame, usiniseme hivyo. Hayo ya Aberdeen nimeyasikia tangu kona ile. Huko kuna watu wa kutazama. Hii ina nyufa mpaka kenge wanaishi ndani. Nani atakuja kuitazama?"

Redio haijui kuzima. "Atakuja! Yakoub anakuja likizo, Jumamosi yupo hapa, na anakuja na bibi mwenye nyumba anayopanga huko huko. Bibi huyo kwa vitu vya kale ni kichaa!"

Abdulhakim akaitazama nyumba, akatutazama sisi. "Haya. Huyo bibi akisimama mbele ya nyumba hii, mwenyewe, bila kuambiwa, akaona ni kitu cha kale cha maana, kijiko nakirudisha. Asipoona, Jumatatu asubuhi mnahamisha matako yenu kwa amani. Tumeelewana?"

Tukapeana mikono.

Sasa sikilizeni akili zetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, sivyo? Mgeni wa Ulaya akute ukuta umeota kuvu? Atutangaze Aberdeen kwamba watu wa Tanga wachafu? Profesa akasema, na mimi Kashata nikaunga mkono kwa mdomo wangu huu, kwamba nyumba lazima ipendeze. Tukamwita Fanueli, fundi rangi wa kutoka Lushoto, aliyebakiwa na madebe ya bluu kwenye kazi fulani. Kwa siku mbili tukakwangua kuvu, tukaziba nyufa kwa simenti, kenge wakahama na laana zao. Mlango wa nakshi ukapigwa rangi ya mafuta hadi maua yake yakazama. Madirishani Tahiri akafunga mashada ya plastiki. Si mchezo! Nyumba ikang'aa, ukiitazama mchana machozi yanakutoka.

Kikabaki kibaraza. Fanueli akafika na brashi hadi kwenye paja la Ame.

"Mzee wangu, naomba unyanyuke kidogo."

"Paka kwengine."

"Nimeshapaka kwengine kote."

"Basi kazi yako imekwisha. Miye siinuki ng'o."

"Ame, unatutia aibu!" Profesa akafoka. "Mgeni anakuja, wewe umekaa kama gunia!"

"Nimekaa kama Ame. Usiache mbachao kwa msala upitao, Profesa. Magazeti yako hayakuandika hiyo?"

Fanueli akamzunguka na brashi, akaenda zake. Tulimsema Ame siku nzima. Mvivu, mkaidi, king'ang'anizi. Namuomba radhi hapa.

Jumamosi baada ya alasiri Yakoub akaingia mtaani na bibi wa nywele nyeupe, kofia pana, fimbo mkononi, simu shingoni. Abdulhakim kasimama pembeni kakunja mikono. Bibi akaja, akatupungia, akaipita nyumba. Akaenda hadi kona. Akarudi, akaipita tena. Akamuuliza Yakoub kitu.

"Mjomba," Yakoub akasema, uso umemshuka, "anauliza ile nyumba ya kale niliyomuonyesha kwenye picha iko wapi. Anasema hii mpya ni nzuri, hongereni kwa ujenzi. Ila yeye alikuja kuona ile."

Profesa alitazama viatu vyake. Tahiri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na habari.

"Mmemsikia kwa masikio yenu," Abdulhakim akasema, akaitoa simu. "Ngoja nimpigie mtu wa kijiko."

Bibi akasogea kutuamkia mmoja mmoja. Alipofika kwa Ame akanyoosha mkono. Na Ame, mtu aliyelelewa, mgeni hampi mkono akiwa amekaa. Akainuka.

Chini yake pakabaki pa kale. Jiwe la matumbawe, limelika kwa kukaliwa, lina shimo laini la makalio, bluu imelizunguka pande zote. Bibi akapiga ukelele kama kaona pomboo. Akapiga magoti, akalipapasa lile jiwe, akalipiga picha mbele, nyuma, ubavuni. Akauliza.

"Anauliza ni nani aliyelichimba," Yakoub akatafsiri.

"Mwambie ni babaye huyu," Ame akasema, akimuonyesha Abdulhakim. "Hapa ndipo alipokuwa akikaa. Siku niliyoshuka na gunia langu, hapa ndipo alipoinuka akanipa maji. Alipokufa, miye nikahamia nafasi yake, asije mtu asiyemjua akapakalia. Nimemshikia tu."

Abdulhakim simu ikamshuka mkononi. Akasogea, akageuka, akakaa. Shimo likamkaa sawasawa, kama kiatu chako mwenyewe, na sisi wote tukaona. Akakaa muda mrefu, kiganja kwenye jiwe, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Fanueli," hatimaye akasema, "Jumatatu njoo na msasa. Rangi yote hii itoke."

"Na zile nyufa, bosi?"

"Nyufa zangu nazitaka zote!"

Tahiri akapiga kelele, Profesa akamkumbatia bibi wa watu kofia ikaanguka, mimi nikamwaga kahawa bure kwa kila mpita njia. Katikati ya shangwe nikamuona Ame bado kasimama, kikombe mkononi, anazunguka zunguka. Kibaraza chote kimejaa, na Abdulhakim katulia palepale, miguu kaikunjua, anaagiza kahawa ya pili.

"Wenzangu," Ame akauliza, "sasa miye nikae wapi?"