Nati Nne za Gari la Mwalimu

Jumatatu, 2 Juni

Miaka arobaini na sita ya ufundi, na hakuna gari lililowahi kunishinda.

Uongo. Limenishinda leo saa tatu asubuhi. Wala sikufika kwenye injini, kwa sababu halina.

(Daftari hili nilipewa na binti yangu niandike saa za dawa ya presha. Dawa: nimemeza. Kurasa zilizobaki ni zangu.)

Gari ni la Mwalimu. Mwalimu ndiye mwenye kiwanja hiki nilichosimamisha gereji yangu ya mabati. Mkuu wa shule mstaafu. Mwanamke anayeweza kukusahihisha hata ukipiga chafya. Ameingia bila mlio wowote. Nilikuwa nimeinamia ndoo ya oili, nikageuka, bampa hili hapa magotini. Nikaruka. Oili nayo ikaruka. Akauliza, fundi, kwani hukunisikia? Nikamwambia nilimsikia vizuri sana, nilikuwa nafanya mazoezi.

Akafungua boneti kwa fahari. Nikaingiza kichwa. Hakuna plagi! Hakuna kabureta! Hakuna hata kile kijiti cha kupimia oili, ambacho nilikuwa nakichomoa, nakitazama kwa huzuni, na mteja mwenyewe anaanza kutafuta pochi. Sanduku tu, lina kibandiko cha radi. Tena anasema betri si yake, ameikodi kwa kampuni, analipa kila mwezi, na asiiguse mtu. Nikamwambia, kwa hiyo Mwalimu umenunua mwili, tumbo la wenyewe. Hakucheka.

Akasema pia likipita kwenye tuta linakohoa kidogo, mbele kushoto. Nikamjibu gari jipya ni kama mtoto, linaota meno. Sikuwa namsikiliza. Nilikuwa namtazama Shemeji.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mke wangu. Fundi umeme, duka lake liko ng'ambo ya barabara. Alikwenda kozi ya wiki sita akarudi na kompyuta na fulana yenye kola. Sasa alikuwa anapima kiwanja changu kwa futi kamba. Changu! Mwalimu akanieleza kwa upole, ule upole wa kumwambia mtoto amefeli: Shemeji ameomba kiwanja aweke mtambo wa kuchajia magari. Jibu atalitoa Ijumaa, kabla hajasafiri Jumamosi.

Nikikosa kiwanja nahamia kwa binti yangu. Kwa binti yangu anakaa mama mkwe wake. Mama mkwe wake ndiye mwenye rimoti.

Jumanne, 3 Juni

Mpango wa kwanza. Nimeufikiria kuanzia chai hadi mwisho wa chai.

Kasoro ya gari lile ni kwamba halina ekzosi. Nimechukua bomba la lori, nimelipaka rangi ya fedha, nimelibeba begani hadi kwa Mwalimu. Nikamweleza kuwa gari bila ekzosi ni kama mzee asiyekohoa mlangoni: anaingia tu, watu hawajajiandaa. Nimfungie hili, mtaa mzima ujue Mwalimu anapita. Akauliza, kama hakuna moshi, kitatoka nini humo? Nikasema, heshima. Akauliza tangu lini heshima ikatokea nyuma.

Nimerudi na bomba langu. Rangi haikuwa imekauka; bega lote fedha tupu, kama jemadari. Shemeji alikuwa mlangoni pake. Akauliza, shem, umepandishwa cheo au ndiyo umeanza kuhamisha vyombo? Nikamjibu nalipeleka bomba likapunge hewa.

Nafuu moja: Mwalimu hakuuliza bei. Nilikuwa sijaipanga.

Dawa: nimemeza mbili, ya leo na ya hasira.

Jumatano, 4 Juni

Ah! Kichwa hiki kingesoma zaidi ya darasa la sita, dunia isingekalika.

Sikiliza, daftari. Magari ya zamani yalikuwa yananguruma, na mngurumo ulifunika aibu zote. Bushi zinalia, mlango unagongagonga, dereva hasikii, anaimba zake. Gari la Mwalimu halingurumi. Ndani yake unasikia hereni ikigusa kola. Kwa hiyo likipata kelele, hata kelele ndogo ya bure, mwenyewe hatalala. Na kelele haitibiwi na kompyuta. Kelele inatibiwa na sikio. Na sikio liko hapa, tena mawili.

Saa tano Mwalimu alikuja, akaegesha, akaenda na Shemeji nyuma ya ukuta kuonyeshwa nyaya zitapita wapi. Nikachota nati nne mfukoni mwa koti. Nikabandua kifuniko cha gurudumu la mbele kushoto, nikazitumbukiza, nikagonga kifuniko kikarudi. Sekunde ishirini. Nikawa nafagia. Sijawahi kufagia maishani; mbwa wa jirani alisimama kutazama.

Mwalimu akaondoka. Kra-kra-kra-kra! Kama bati la peremende linaloviringika ngazini. Hadi kona. Hadi baada ya kona!

Kesho ataniletea mwenyewe.

Dawa: nimesahau. Presha ipo, dawa haipo.

Alhamisi, 5 Juni

Amelipeleka kwa Shemeji.

Saa mbili nzima nimekaa kwenye tairi langu nikiwatazama. Shemeji amechomeka waya, kompyuta imefikiri, Shemeji naye amefikiri, wamefikiri pamoja. Taa zote kijani. Akamwandikia Mwalimu cheti, na sahihi juu: gari zima, halina tatizo lolote. Mwalimu akawasha, akatoka. Kra-kra-kra-kra.

Nimecheka hadi meno ya bandia yakaanguka kwenye sanduku la spana. Shemeji akavuka barabara kuniuliza kama na mimi nasikia kitu. Nikamuuliza kompyuta imesema nini. Akasema, kijani. Nikamwambia, basi shem, hiyo itakuwa ni kelele ya kijani.

Alasiri Mwalimu akaja kwangu. Cheti cha Shemeji kakitupa kwenye meza yangu ya kazi. Nimekiokota, huwezi kujua. Nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye gurudumu. Nikafumba macho. Nikaguna mara tatu. Nikamwambia akanywe chai, ugonjwa huu si wa kuangaliwa na mwenye gari. Alipopiga kona tu nikabandua kifuniko.

Nati moja. Mbili. Tatu.

Ya nne?

Nikaziweka mezani, nikapapasa. Nikachungulia. Hakuna! Mwalimu karudi, tumepanda wote tujaribu. Kimya, raha, nimeanza kujisifu. Tukafika kwenye tuta. Kluk.

Ya nne! Imepenya ndani! Nimemwambia ugonjwa umeshuka chini, aniachie gari hadi kesho. Akanikumbusha kesho ndiyo siku ya jibu. Kana kwamba nimesahau.

Dawa: nimemeza, bila maji.

Ijumaa, 6 Juni

Mwandiko huu si ulevi.

Nimeanza asubuhi na mapema. Nimeinua gari kwa jeki, nimefungua gurudumu, nimetafuta nati yangu nyuma ya breki, juu ya shokamzoba, ndani ya kila tundu linaloweza kumeza nati. Hakuna. Saa nne nikapandwa na hasira, nikashika chuma cha gurudumu nikakitikisa kama mdeni.

Kikatikisika.

Hakitakiwi kutikisika. Nikalala chini, nikamulika tochi. Boljointi, kile kiungo cha chini kinachoshika gurudumu lisiende safari yake peke yake. Pini ya kufungia haipo, wamesahau kuitia huko lilikotoka. Nati yake imejifungua, imebaki imening'inia kwenye nyuzi mbili za mwisho za bolti. Mbili! Si nati yangu. Nati ya gari. Ndiyo iliyokuwa ikikohoa kwenye matuta tangu Jumatatu. Aliniambia. Mimi nikasema linaota meno.

Na kesho Mwalimu alikuwa ateremke nalo mlima wenye kona kumi na saba, kwenye ile safari yake, pamoja na dada yake na wajukuu watatu.

Nimekaa sakafuni. Sikuwa na mzaha wowote, kwa muda wa kama dakika mbili. Kwangu ni rekodi.

Kisha nimefunga. Nati mpya, pini mpya. Nikakaza, nikafungua kuona kama nimekaza, nikakaza tena. Upande wa pili pia. Ndipo nikawaita wote wawili, nikamwonyesha Mwalimu ile nati kuukuu na nyuzi zake zilizolika. Shemeji uso ulimshuka. Ile taa ya kijani ilizimika kabisa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kompyuta inaona umeme tu, vyuma haivioni.

Cheti chake kilikuwa mfukoni mwangu. Chenye sahihi! Nilikigusa. Nikakiacha humo. Nikasema mbele ya Mwalimu kuwa hata mimi ningeweza kuikosa. Sijui ni nani aliyesema hivyo kwa kinywa changu.

Mwalimu akauliza nimejuaje. Nikasema, sikio. Jasho likanimwagika, nikaingiza mkono kwenye koti nitoe kitambaa. Kitambaa kikatoka, na kitu kikaanguka: ting!

Nati ya nne. Haikuwahi kuingia kwenye gari. Nilidhani nimechota nne, kumbe nilichota tatu. Hesabu za darasa la sita.

Mwalimu akaiokota. Akaenda mezani, akaiweka karibu na zile tatu. Ndugu pacha. Akauliza kama hizi ni za gari lake. Nikasema ni za akiba. Akazisugua kwa kidole, akaninyooshea kidole cheusi. Akasema, fundi, hizi zina oili, na gari langu halina oili.

Nilitazama dari. Mabati yana matundu kumi na moja.

Akasema mwanafunzi akifanya hivi anamfukuza shule. Na mwanafunzi akiwaokoa wajukuu zake anampa zawadi. Kwa hiyo anafuta yote mawili, na jibu lake ni hili: Shemeji aweke mtambo upande wa barabarani, mimi nibaki upande wa ndani na mabati yangu. Na kila gari litakalokuja kuchaji, mzee alitikise magurudumu kwanza. Shemeji mwenyewe akaongeza kuwa magari haya ni mazito, yanakula tairi, na breki hazitumiki sana mpaka zinaota kutu. Kazi ipo, shem, akasema. Shem! Nilitaka kumbusu ile kola.

Kisha Mwalimu akanitaka niahidi sitatia tena nati kwenye gari la mtu. Nimeahidi, mkono juu, kama mtoto wa shule.

Nimeshusha pumzi niliyoibana tangu Jumatatu. Ilikuwa nyingi. Vumbi liliruka.

Dawa: sihitaji. Sawa, nimemeza.

Jumapili, 8 Juni

Wamerudi! Mwalimu, dada yake, wajukuu wote watatu. Nimewahesabu mara mbili, kwa vidole, sasa siamini tena kichwa. Hakuna kluk hata moja. Mwalimu alipunga mkono dirishani. Gari likapita kama paka. Sikuruka. Niliruka kidogo.

Binti yangu kapiga simu, nimemwambia siji. Nyuma yake nilimsikia mama mkwe akishangilia. Tumefurahi sote.

Sasa, kuna mafunzo, na mimi si mtu wa kupuuza mafunzo. Nimeziosha zile nati kwa sabuni, maji ya moto na mswaki wa zamani. Zinang'aa kama meno. Hazina hata harufu ya oili. Nimezihesabu: nne.

Shemeji, ukurasa huu nauchana nakuletea dukani. Kesho saa nne anakuja daktari wa meno na gari lake jipya la umeme, anayetaka kuwa mteja wako wa kwanza mtambo ukisimama. Nitatikisa magurudumu yake kwa uaminifu wote, kama nilivyoagizwa. Lakini mtu mwenye gari zima haachi shukrani wala hamwambii mwenzake kwamba kuna mzee mwenye sikio. Cheti chako bado kiko kwenye koti langu, sijakionyesha mtu, na sikudai senti. Nakudai dakika tano tu. Mwingize daktari dukani, shem, mwonyeshe hiyo kompyuta, na umkalishe kiti kile kinachotazama ukuta.